Kikapu cha Mbwarali

Haya ninayoyasimulia hayakutokea kwenu, kwa hiyo msitazamane. Yalitokea nchini kwetu, nchi yenye amani nyingi hata ikabidi tuijengee kuta isitoroke. Jina lake silitaji. Si kwa woga, ni kwa adabu tu. Mkubwa haitwi hovyo.

Mimi ni mshereheshaji wa serikali. Nikiwa juu ya gari la Wizara natangaza yaliyopigwa marufuku. Nikiwa jukwaani nawakaribisha wakubwa na kuwaambia wananchi wakati wa kupiga makofi. Nimejaliwa sauti nzuri, na alhamdulillahi, maoni sina.

Mambo yalianza Siku ya Gwaride. Mtukufu Mlezi, kiongozi wetu, alikuwa jukwaani akipokea saluti. Ukaja upepo usio na kibali, ukaokota mfuko wa plastiki, ule mwembamba wa kutilia mihogo ya kukaanga, ukamvika Mtukufu usoni. Mfuko ulikuwa na mafuta, ukaganda. Mtukufu akaendelea kupiga saluti akiwa ndani ya mfuko, na jeshi likaendelea kupita, maana hapakuwa na mtu mwenye cheo cha kumgusa Mtukufu usoni. Uwanja mzima ulinyamaza. Kijana mmoja tu, Mbwarali, fundi wa vikapu wa mtaa wa Kichangani, akacheka.

Jua halijazama, plastiki ilikuwa imepigwa marufuku nchi nzima, na Mbwarali alikuwa ameandikishwa Chuo cha Tafakuri. Hicho ndicho chuo chetu kikubwa. Kina wanachuo wengi kuliko vyuo vingine vyote vikijumlishwa, kina geti la chuma na walinzi wenye mbwa, na tangu kifunguliwe hakijafanya mahafali hata mara moja. Wazazi hawaruhusiwi kuwatembelea watoto wao kwa sababu, kama alivyoeleza Mkuu wa Chuo, machozi ya mama humtoa mtu kwenye tafakuri.

*

Mama yake Mbwarali, Bi Mwanakombo, alikuwa mjane mwenye ulimi mkali na ugonjwa mmoja: alikusanya vitu vya plastiki vilivyotengenezwa na mikono ya watu. Tangu ujana wake, mtu akitupa, yeye huokota. Mtu akiuza, yeye hubadilishana naye kwa kanga au kwa sahani ya biriani. Nyumba yake ya vyumba viwili ilijaa mpaka wageni waliingia ubavu. Kulikuwa na vikapu vya nailoni vya enzi za bibi zetu, rangi zimepauka lakini ususi haujalegea. Kulikuwa na kata za dumu zilizochorwa maua kwa msumari wa moto, vigari vya makopo ya mafuta vyenye magurudumu ya ndala, mikeka ya pakiti za maziwa, pazia la vizibo vya soda, na mwanasesere mwenye nywele za nyuzi za gunia, ambaye alisukwa upya kila sikukuu.

Chombo alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kikapu kimoja cha mikanda ya kufungia makatoni. Mlinzi mmoja wa Chuo, mwenye huruma ambayo bado haijagunduliwa na wakubwa wake, alikipitisha chini ya koti kutoka Chuoni, ambako wanachuo husukishwa vikapu. Hakikuwa na barua wala salamu. Lakini ususi wake ulilalia kushoto, na Mbwarali ni mtu wa mkono wa kushoto. Hapana fundi mwingine Kichangani anayesuka hivyo. Ukingo haukufungwa. Ncha za mikanda zilisimama juu kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Bi Mwanakombo alilala nacho kitandani.

Basi nikapita Kichangani na gari. "Wananchi watiifu! Toeni plastiki zenu kwa hiari, kabla hiari haijaja na marungu!" Watu wakatoa. Bi Mwanakombo hakutoa. Ikabidi aje Waziri wa Usafi mwenyewe, Mheshimiwa Ngwale, na dumu la petroli, la plastiki, lenye kibali maalumu.

Askari walitoa vitu vyote uani wakavirundika. Waziri akahutubia kidogo, kwa sababu nchini kwetu hata kuku hachinjwi bila hotuba. "Mama, hizi ni takataka. Taifa haliwezi kusonga mbele likiwa limebeba takataka."

"Mheshimiwa," akasema Bi Mwanakombo, "kigari hicho kilitengenezwa na mtoto asiyekuwa na viatu. Wewe uliyepewa magari saba umetengeneza nini?"

Nikakohoa kwenye kipaza sauti, kumsitiri. Askari mmoja akamvuta kile kikapu mkononi. Mama akakaa chini juu ya rundo, miguu ameinyoosha, kikapu kifuani. "Hiki mkikichoma mnichome nacho. Ndiye mwanangu huyu."

Waziri akawasha kiberiti. Namjua Mheshimiwa Ngwale, si mtu wa kutishia. Petroli ilikuwa imeshamwagwa na kanga ya mama imelowa pindoni. Nilifumba macho. Simu ikalia.

"Ndiyo, Mtukufu," nikamsikia Waziri. "Nipo kwenye plastiki hapa, Mtukufu... Hapana, Mtukufu... Ndiyo. Hata mimi siku zote nasema plastiki ni roho ya taifa." Kiberiti kikamuunguza vidole, akakipuliza upesi, akampa Bi Mwanakombo mkono kumwinua. "Mama! Nani amekukalisha mahali penye petroli?"

*

Ilikuwa hivi. Ujumbe wa wageni ulikuwa njiani, watu wa nchi tajiri, wanaozunguka dunia wakitafuta sanaa ya plastiki ya wananchi wa kawaida, ya zamani na ya sasa. Nchi watakayoipenda watailetea fedha, na kiongozi wake watamvisha nishani. Hadi kahawa ya jioni inanywewa, takataka zilikuwa urithi. Wizara ya Usafi ikawa Wizara ya Usafi na Urithi, soko la zamani la samaki likawa Makumbusho ya Taifa ya Plastiki, na mimi nikapita tena Kichangani. "Wananchi watiifu! Anayeficha plastiki ana kosa, na aliyeichoma juzi ana kosa kubwa zaidi!"

Lakini wananchi walikuwa wamechoma kila kitu. Mkusanyo wa maana uliobaki nchini ulikuwa wa Bi Mwanakombo. Mheshimiwa Ngwale akarudi, safari hii na sukari na mchele. Alivisifu vitu vyote, akambusu mwanasesere. Alipofika kwenye kikapu akakunja uso.

"Hiki hakijakamilika. Wageni watasema sisi ni taifa la watu wasiomaliza mambo. Mtu akifunge ukingo leo hii."

"Hakifungwi," akasema mama.

"Kwa nini?"

"Ndiyo desturi yetu watu wa vikapu. Fundi akikatishwa kazi kwa safari au maradhi au kwa wageni kama nyinyi, kikapu chake hakiguswi na mkono mwingine. Anakisubiri mwenyewe. Akirudi ndiye anayekifunga."

Desturi ina nusu ya pili, na Bi Mwanakombo hakuisema. Mama yangu mzazi alikuwa wa vikapu, kwa hiyo naijua. Fundi akifa kabla hajarudi, wenzake aliokuwa akisuka nao ndio humfungia ukingo, kwa mkanda mweusi, na kikapu hupelekwa kwao. Kikifika hapaulizwi neno. Watu hukunja mikeka, hutoa viti nje, huanza kilio. Lakini Waziri hakuniuliza, nami sisemi nisichoulizwa.

"Nataka tupatane," Bi Mwanakombo akaendelea. "Mpelekeeni Mbwarali kikapu chake hukohuko aliko. Akikifunga kwa mkono wake kikanirudia, chukueni nyumba nzima, hata na mlango."

Waziri akacheka kwa furaha. Hilo tu? Akatoa amri hapohapo: si kikapu hicho tu, bali vikapu vyote vilivyosukwa Chuoni na kutupwa stoo bila ukingo vikamilishwe na wanachuo wenyewe kwa wenyewe kabla ya ufunguzi. Alipoondoka, mama alinishika mkono wa shati.

"Mwanangu, wewe ni mtoto wa Bi Saada wa vikapu, sivyo? Unajua ninachosubiri."

"Najua, Bi."

"Sina haja ya nishani yao. Nataka kujua kama mwanangu yu hai. Hilo tu."

*

Masanduku ya Chuo yalifika kwenye Makumbusho Jumatano. Nilikuwepo nikifanya mazoezi ya kutamka majina ya wageni. Waziri mwenyewe alifungua la kwanza kwa bisibisi, akatoa vikapu, akavipanga mezani. Ukingo mwekundu. Wa manjano. Wa kijani, na huyo fundi alimalizia kwa fundo la madaha, yu hai na bado ana maringo. Kisha mweusi.

Kisha mweusi mwingine, na mwingine. Sikutaka kuhesabu. Meza ilijaa, wakaleta meza ya pili.

"Maa shaa Allah!" Waziri alipiga makofi. "Tazama hivi vyeusi! Vina hadhi, vina utulivu. Hivi ndivyo vitakaa mbele kabisa, penye taa. Tuviite Mkusanyo wa Usiku Mwema."

Ndipo nikakiona. Kilikuwa katikati ya meza, ususi umelalia kushoto, na ukingo wake umefungwa kwa utaratibu mkubwa, fundo dogo dogo, kazi ya watu waliompenda aliyekianza. Mweusi. Nikakaa juu ya sanduku.

"Vipi, mshereheshaji? Harufu ya samaki?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," nikasema. "Harufu."

Jioni ile nilipita kwa Bi Mwanakombo. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, na maneno ndiyo riziki yangu, lakini nilipofika mlangoni yalikuwa yamekwisha. Akanimiminia chai ya tangawizi. Akauliza, "Umekiona?"

"Masanduku bado hayajafunguliwa, Bi."

"Sauti yako leo imekuwa ndogo," akasema, akanisogezea kikombe. Nilikunywa chai yote bila kuhisi ladha yake, nikaaga.

*

Siku ya ufunguzi wananchi walipangwa barabarani tangu asubuhi, kila mmoja na bendera. Akina mama wa Kichangani waliletwa ndani, wakavalishwa kanga mpya zenye picha ya Mtukufu, wawe pambo la ukumbi. Mtukufu Mlezi aliingia na wageni. Mkuu wa wageni alikuwa Madamu mmoja mrefu, mtaalamu wa plastiki duniani, aliyejifunza Kiswahili vitabuni na kukisema kama anayesoma khutuba.

"Mtukufu Mlezi," nikatangaza, "ndiye msukaji wa kwanza wa taifa hili! Alianza kusuka plastiki akiwa tumboni!" Makofi. Hotuba ya Waziri ilikuwa ndefu, nami sikusikia hata neno. Nilikuwa nikimtazama Bi Mwanakombo. Alikuwa amewekwa kwenye kiti cha mbele, kwa kuwa ndiye atakayekabidhi mkusanyo, lakini macho yake yalikuwa kwenye kile kitambaa cha hariri kilichofunika meza za mbele. Mikono yake ilishikana mapajani. Watu waliamriwa wapige makofi, wakapiga, na yeye mikono ile haikuachana.

"Na sasa," nikasoma nilichoandikiwa, maana ndiyo kazi yangu, Mungu anisamehe, "fahari ya maonyesho yetu. Mkusanyo wa Usiku Mwema!"

Waziri akavuta kitambaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilisahau kuwaambia. Akina mama wote wa Kichangani walisimama kwa pamoja, bila mtu kuwaita, wakasogea mezani taratibu, wakikodoa macho wakitafuta kila mmoja mkono anaoujua. Walinzi hawakujua la kufanya, kwa kuwa hapakuwa na amri kuhusu wanawake wanaotazama vikapu.

Bi Mwanakombo hakutafuta sana. Akakichukua. Akapitisha kidole kwenye ukingo mweusi, polepole, mzunguko mzima, kama anayehakikisha kwamba hawakuacha pengo. Kisha akaketi sakafuni, akajifunika kanga kichwani, akakipakata kikapu, akalia.

Sijui kueleza kilio kile, na mimi ndiye mwenye sauti. Kilianzia chini. Mwanamke mwingine akapata kikapu chake, akaketi. Wa tatu akaketi. Waliokuwa hawajapata wakaketi pia, wakiwashika waliopata. Katikati ya Makumbusho ya Taifa, mbele ya Mtukufu na wageni, palikuwa na msiba.

Waziri alinijia mbio, jasho linamtoka. "Nini hii? Haimo kwenye ratiba! Wanyamazishe! Askari—"

Askari wakashusha bunduki kutoka begani. Walikuwa wanasubiri neno tu. Nikamwona mmoja amemlenga Bi Mwanakombo mgongoni, kijana mdogo. Mtukufu alikuwa ameanza kugeuza shingo, kama afanyavyo kabla mtu hajapotea. Na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu.

"Mtukufu Mlezi, wageni waheshimiwa," nikasikia sauti yangu ikisema, nzuri kama kawaida, "mnachokishuhudia ni Kilio cha Jadi cha Wasuka Vikapu! Sanaa adimu sana! Makofi tafadhali!"

Wageni wakapiga makofi. Basi Mtukufu naye akapiga, na Mtukufu akipiga hakuna asiyepiga. Bunduki zikarudi begani. Viti vya wageni vikasogezwa karibu waone vizuri.

Madamu aliinamisha kichwa, akaandika, kisha akainuka kuuliza. "Samahani, ndugu mshereheshaji. Katika desturi hii tukufu, marehemu mwenyewe huletwa wakati gani?"

Waziri akanitazama, akitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemsihi nyoka. Bi Mwanakombo naye aliinua uso, machozi yanachuruzika, akanitazama. Wallahi sikuwa na maoni. Nilikuwa nimetunza kazi yangu miaka yote kwa kutokuwa na maoni.

"Marehemu huletwa baada ya kilio cha kwanza," nikasema. "Yaani sasa hivi, Madamu. Anakuja kutoka Chuo cha Tafakuri. Anaitwa Mbwarali, mwana wa Bi Mwanakombo."

Dakika zikapita. Mtukufu akatazama saa yake ya dhahabu. Nchini kwetu Mtukufu hasubirishwi mbele ya wageni. Akamwita Waziri kwa kidole, na kwa kuwa kipaza sauti changu kilikuwa karibu, watu wote walisikia: "Ngwale, mbona hamjamleta? Mnataka kunitia aibu mbele ya watu wa nishani?"

"Mtukufu, yule... mwanachuo haruhusiwi kutoka kabla ya kuhitimu."

"Basi ahitimu!"

Hivyo ndivyo Chuo cha Tafakuri kilivyofanya mahafali yake ya kwanza.

*

Alikuja kwenye gari la kubebea samaki, maana ndilo pekee lenye barafu. Walimshusha kwa machela, wakamweka sakafuni penye taa. Mwanamume mmoja wa Wizara, mwaminifu kwa kazi yake, akamfungia kifundoni kikaratasi cha namba ya maonyesho.

Bi Mwanakombo alifunua shuka. Hakupiga kelele tena. Alimshika shavu, akamtengeneza nywele, akanyoosha kola ya shati. "Wamekukondesha," akamwambia. "Wamekukondesha, baba."

Wageni walikuwa bado wanapiga makofi. Kisha Madamu akaisogelea ile machela akatazama vizuri, akaacha. Wengine wakaacha mmoja mmoja. Mtukufu aliendelea peke yake kitambo, makofi yake yakisikika hadi kwenye paa la bati, mpaka yalipomshinda yeye mwenyewe. Nishani ilirudi ndani ya kijisanduku chake. Wageni waliondoka bila kunywa madafu yaliyoandaliwa.

Katika mkanganyiko ule akina mama walifanya wanachokijua. Waliinua machela mabegani, wakatoka nayo mlango wa mbele, ule wa wakubwa, na mimi nikawafungulia. Askari waliona kipindi bado kinaendelea, wakapiga saluti. Mbwarali alioshwa, akavikwa sanda, akazikwa Kichangani kabla ya alasiri. Kaburini nililia kama mtoto. Bi Mwanakombo ndiye aliyenifuta uso, kwa pindo la kanga yake ile ya zamani, iliyokuwa bado inanuka petroli.

Kesho yake Wizara ilinituma na gari nikatangaze kwamba Makumbusho yamefungwa kwa matengenezo, na kwamba hakuna Kilio cha Jadi, hakijawahi kuwapo, na anayekikumbuka ajisalimishe. Nilielewa pia, kwa jinsi dereva alivyokuwa amebadilishwa, kwamba hilo lingekuwa tangazo langu la mwisho. Nilipofika kwenye geti la Makumbusho nikakuta akina mama wamejipanga foleni hadi barabarani. Kila mmoja ameshika kikapu chenye ukingo mweusi. Hawakupiga kelele wala hawakusukumana, wanawake watulivu tu, wamenyoosha kanga zao kama wanaosubiri daktari.

Wa kwanza, mzee mwembamba asiye na meno, akalisogelea gari langu. "Shikamoo. Leo nakuamkia mimi, mwanangu, kwa kazi uliyoifanya. Samahani nikuulize. Kipindi changu mimi ni saa ngapi?"

Dereva mpya akanitazama kwenye kioo. Nikawasha kipaza sauti, nikamuuliza jina la mwanawe.